Mwalimu wa Kigoma anataka kwenda kuteleza kwenye theluji: je, Kiingereza kitatosha?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, naishi Mwanga, Kigoma. Mwakani mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tumedunduliza hela kwa ajili ya safari moja tu: kwenda Ulaya mwezi wa pili kujifunza kuteleza kwenye theluji. Theluji yenyewe hatujawahi kuigusa. Lugha zetu ni Kiha, Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa na Kijerumani hatujui hata salamu. Twende nchi gani, tuanze vipi kupanga, na je, Kiingereza kitatosha au tutaumbuka huko mlimani?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na hongereni kwa hiyo miaka 10. Hapa ofisini kwangu Tabora watu huja kukata tiketi za Dubai, Guangzhou na Makka. Wa theluji nampata mara chache, na mara nyingi ni mtu anayepita kunitania. Wewe umeshaweka hela kando, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi misimu sita kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii (ndiyo huko kuteleza kwenye theluji, na vile vibao virefu vya kufunga miguuni navyo huitwa skii) huko Uswisi, upande wanaozungumza Kifaransa. Tulikuwa chini kabisa ya jengo, hakuna dirisha, harufu ya soksi mbichi asubuhi hadi jioni. Wateja wetu wengi walikuwa Waingereza, hivyo habari ya Kiingereza mlimani naijua kwa kuiona.

Hotelini, kwenye treni, dukani na mgahawani, Kiingereza chako kitatosha na kubaki. Tena usione haya kwamba ni cha darasani. Mwalimu wa skii wa Austria naye Kiingereza chake ni cha darasani, anasema polepole na kwa maneno machache, na mtaelewana kuliko atakavyoelewana na kijana wa Liverpool anayemeza nusu ya maneno.

Kinapokwama ni kwenye kikundi cha mafunzo, na hapo wengi hawapaangalii. Ukiandikia shule ya skii kuuliza kama mwalimu anajua Kiingereza, watajibu anajua, na ni kweli. Lakini kikundi kina watu wanane au kumi. Kama saba kati yao ni Wafaransa, mwalimu ataeleza dakika tano kwa Kifaransa, watu watacheka, kisha atakugeukia wewe na mkeo na kusema maneno manne. Wewe ni mwalimu, unajua mwanafunzi wa hivyo anavyojisikia kwenye dawati la nyuma. Nimewapokea wengi wakirudisha viatu siku ya tatu, wamekata tamaa, wanasema mchezo ni mgumu, kumbe maelekezo hayakuwafikia. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kikundi chenyewe kitafundishwa kwa Kiingereza? Uliza kwa maandishi, na usilipe kabla hujajibiwa.

Hayo maelekezo yenyewe yanafurahisha. Ukisikia mwalimu anapiga kelele “pizza!” usidhani njaa imemshika. Anataka usogeze ncha za mbele za skii zikaribiane, huku visigino ukivisukuma nje, skii zikae kama kipande cha pizza kilichokatwa, au kwa sisi ambao pizza si chakula cha kila siku, kama kenchi la paa la nyumba. Ukikaa hivyo mwendo unapungua. Kuna walimu wanaoita skii zilizonyooka sambamba “chipsi”, na hapo unakwenda kasi. Siku mbili za kwanza zote ni kuhama kati ya pizza na chipsi, na kunja magoti, kunja magoti, kunja magoti.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Februari wewe upo darasani. Ukiomba ruhusa katikati ya muhula kwa ajili ya mapumziko, mkuu wa shule atakutazama kwa jicho lile unalolijua. Tena Februari ndiyo mwezi ambao shule za Ufaransa hufunga kwa zamu, kanda baada ya kanda, na katikati ya mwezi shule nyingi za Uingereza nazo hupumzika wiki moja. Bei zinapanda, foleni za lifti (vyombo vya kuwapandisha watu mlimani) zinarefuka, na vikundi vinajaa familia za Kifaransa. Likizo yako ya Desemba nayo ina taabu yake: mwanzoni mwa mwezi theluji ya chini inaweza kuwa haijashika vizuri, na kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya ndiyo ghali kuliko siku zote. Wiki nzuri kwa mfuko ni zile za Januari baada ya mwaka mpya, baridi kali lakini pametulia, au za Machi, jua lipo na siku ni ndefu. Zote mbili shule yako imeshafunguliwa.

Likizo yako ndefu nyingine ni ya Juni. Na Juni hadi Agosti kuna nchi ya Kiafrika yenye theluji, Kiingereza ni lugha yake rasmi pamoja na Kisotho, na kwa pasipoti yetu mlango wake ni mwepesi kuliko wa Ulaya: Lesotho. Huko kuna Afriski, kituo cha skii kilicho zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye milima ya Maluti. Mnaruka kutoka Dar hadi Johannesburg, ambako Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90, kisha mnashika barabara kwa saa nne tano hivi: mnavuka mpaka Caledonspoort, mnapita Butha-Buthe, halafu mnapanda njia za kuvuka milima za Moteng na Mahlasela. Gari la kukodi liwe na nguvu na dereva awe mzoefu, maana hizo kona si za mchezo na asubuhi barabara huwa na barafu.

Sikudanganyi kwamba ni Alpu, ile milima mikubwa ya Ulaya. Mteremko mkuu una urefu wa karibu kilomita moja, theluji nyingi inatengenezwa kwa mashine usiku baridi ikikaza, na pembeni utaona majani makavu ya kahawia. Lakini mtu anayeanza, kilomita moja hiyo haimalizi kwa siku nne. Unafundishwa kwa Kiingereza bila kusubiri tafsiri, na ukigundua kwamba mchezo wenyewe huupendi (wapo, na si wachache), utakuwa hujateketeza akiba ya miaka kumi. Ingekuwa hela yangu, ningeanza Lesotho Juni, na Ulaya ningeiweka mwaka unaofuata nikiwa tayari najua kusimama.

Kama mke wako ameshaota Ulaya na haoti kingine, sawa, twende Ulaya. Hapo ushauri wangu ni kufuata nyayo za Waingereza wenyewe, kwa sababu walikopiga kambi muda mrefu lugha yao ilibaki. Hadithi inayosimuliwa St. Moritz ya Uswisi ni kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake wa Kiingereza kwamba wakirudi wakati wa baridi hawatajuta. Wakarudi, na huo ukawa mwanzo wa utalii wa majira ya baridi kwenye Alpu. Mürren, kijiji cha Uswisi kisichofikika kwa gari, ndiko Mwingereza Arnold Lunn alikoandaa mwaka 1922 mashindano ya slalomu, yaani kuteleza ukipinda kati ya vijiti, ya namna tunayoijua leo. Méribel ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1938 na Peter Lindsay, mtu wa Uskoti, na mpaka leo ukikaa kwenye baa zake jioni unaweza kusahau uko Ufaransa. Austria kuna St. Anton, kwa Hannes Schneider, aliyeweka misingi ya namna skii inavyofundishwa. Kote huko kikundi cha Kiingereza hakitafutwi kwa tochi.

Ubaya ni kwamba Kiingereza nacho kinauzwa. Méribel imo ndani ya Les Trois Vallées, kilomita 600 za njia za kutelezea, na tiketi ya lifti ya siku sita kwa mtu mmoja inapita euro 350, kabla hujalala wala hujala. Mtu anayeanza hahitaji kilomita 600! Vituo vingi vina eneo la wanaoanza lenye lifti za bure au tiketi yake ndogo. Nunueni hiyo, na anayewauzia kubwa mwambieni asante.

Kwa mfuko wa mwalimu ningetazama Bansko, Bulgaria. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa barabara kutoka Sofia, wageni wa Uingereza ni wengi, walimu wanafundisha kwa Kiingereza, na bei ni za chini ukilinganisha na Alpu. Foleni ya asubuhi ya kupanda mlimani ni ndefu, mwamke mapema. Na kuna kituko kimoja cha lugha: Mbulgaria wa kawaida akitikisa kichwa kushoto na kulia anakubali, akiinamisha kichwa anakataa. Mwalimu akikuangalia umeteleza vizuri akatikisa kichwa, usinyong'onyee.

Kanada na Marekani lugha haisumbui kabisa, ila nauli na safari ya viza vitakula bajeti ya skii yenyewe. Mkitaka kuigusa tu theluji mkipita Dubai, ndani ya Mall of the Emirates kuna mteremko wa ndani uliofunguliwa mwaka 2005, wenye njia ya mita 400. Kwa saa mbili unatosha.

Viza ya Ulaya. Uswisi, Ufaransa, Austria, Italia na tangu Januari 2025 Bulgaria kikamilifu, zote zinatumia viza moja ya Schengen. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kabla ya yote ulizia maombi ya nchi hiyo kwa Watanzania yanapokelewa wapi, maana si kila nchi ina ubalozi Dar. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala chini ya siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni siku 15 lakini yanaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na ukikataliwa hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Na alama za vidole unatoa mwenyewe, hakuna wa kukuwakilisha.

Hapo ndipo sisi wa mwisho wa reli tunapoumia. Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Mwaka fulani mimi mwenyewe, mtaalamu wa safari, nilipanga kufika Dar asubuhi na kuwa dirishani saa nne. Nilifika saa tisa alasiri, nguo zimejikunja, miadi imeshapita, na mpya ilikuwa baada ya siku 12. Kwa hiyo fikeni siku mbili kabla, mlale kwa ndugu. Ndugu wa Dar hakosekani.

Anayepitia maombi anataka kuona jambo moja: kwamba mtarudi Kigoma. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, na kwa kuwa u mtumishi wa umma, kibali cha kusafiri nje. Cheti cha ndoa. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Hela zenu kama ziko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, zihamishieni benki mapema, tena kidogo kidogo kadiri mnavyopata. Milioni zikitua kwa mpigo wiki moja kabla ya maombi, kila mtu atajiuliza ni za nani. Ndege na hoteli wekeni nafasi inayoweza kufutwa. Tiketi ya kulipia msinunue kabla viza haijabandikwa.

Hiyo bima isomeni mstari kwa mstari, na hapa Kiingereza chako ndicho mtaji. Bima nyingi za viza zinalipa malaria, jino na ajali ya gari, kisha chini kwa herufi ndogo zinaitoa michezo ya theluji. Unachotaka ni maneno yanayosema wazi kwamba skii inalipiwa na kuokolewa mlimani kunalipiwa, helikopta ikiwemo. Ufaransa unaweza kuongeza bima iitwayo Carré Neige unaponunua tiketi ya lifti, euro chache kwa siku. Italia bima ya kumfidia mtu utakayemgonga ni lazima kisheria tangu 2022. Namba ya dharura ni 112 kote huko, na helikopta za Uswisi za Rega ni 1414.

Mlimani penyewe rangi zinazungumza kuliko lugha. Ufaransa kijani ni ya wanaoanza kabisa, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi mwachie mwenyewe. Austria na Uswisi kwa kawaida zinaanzia buluu, kwa hiyo usitafute kijani mpaka jua lizame. Maneno ya kukariri ni machache, yaandike kiganjani kama mwanafunzi mwizi wa mtihani: “fermé” kwa Kifaransa, “gesperrt” kwa Kijerumani, “chiuso” kwa Kiitaliano, yote maana yake pamefungwa, na pakifungwa pamefungwa, hata kama umeona alama za wengine waliopita. “Lawinengefahr” ni hatari ya maporomoko ya theluji. Kwenye lifti ya viti, ukikaribia kufika juu utaona kibao “relevez le garde-corps” au “Bügel öffnen”: inueni ile nondo iliyowafunga mapajani, sasa hivi, msisubiri. Na kanuni ya barabarani: aliye chini yako mteremkoni ana haki, wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa, haijalishi kasimama vibaya kiasi gani.

Tufike kwenye viatu, maana hapo ndipo penye utaalamu wangu. Viatu vya skii ni vya plastiki ngumu na msinunue, kodini. Watu wetu wanaogopa baridi, wanavaa soksi pea tatu. Mimi mwenyewe msimu wa kwanza nilifanya hivyo, na saa tano asubuhi vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kwa sababu soksi zilibana damu. Vaa pea moja, nyembamba, ndefu hadi gotini, isiyo na mkunjo. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma. Mguu ukitembea ndani ya kiatu, ni kikubwa, rudisha hata kama kinaonekana cha raha.

Kisha fundi atauliza uzito, urefu, umri na kiwango chako. Siyo udaku. Kwa hizo namba anakaza kile kishikizo kinachoshika kiatu kwenye skii, ambacho kinatakiwa kifunguke ukianguka. Wanaume walikuwa wanajipandisha daraja, wananiambia ni wazoefu, kishikizo kinakazwa zaidi, wakianguka skii haitoki na goti linakwenda nayo. Wanawake walikuwa wanapunguza kilo mbele ya waume zao, na skii zikawa zinachomoka katikati ya njia. Pimeni uzito zahanati kabla ya kuondoka, muandike kwenye karatasi, kila mmoja ampe fundi yake kimya kimya.

Nguo msinunue Ulaya. Juni hapa Tabora, alfajiri, nusu ya bodaboda pale stendi wamevaa majaketi ya skii na wenyewe hawajui. Mwaka jana nilipanda na kijana mmoja ambaye kwenye zipu ya jaketi lake bado ilikuwa inaning'inia kadi ya lifti ya Austria, imefifia, yeye anadhani ni urembo. Kwenye mitumba yenu hapo Kigoma yapo. Angalieni lenye kimfuko kidogo mkono wa kushoto, karibu na kiganja: hicho ni cha kadi ya lifti, maana mageti mengi yanasoma kadi upande wa kushoto. Simu ikae mfuko mwingine, inaweza kuzuia geti lisisome. Suruali iwe isiyopitisha maji. Jinzi ikishalowa inaganda, na utatembea kama umefungwa magango.

Msidharau jua. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na kadiri mnavyopanda ndivyo inavyokuwa kali, hivyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini, hata chini ya kidevu. Weusi wetu unasaidia, haumalizi kazi. Nilipasuka midomo siku ya pili. Mafuta ya mawese, nawajua nyie, hayakingi jua. Nunueni Dar mafuta ya kukinga jua na ya midomo, na miwani ya skii msiivue hata kukiwa na mawingu, macho yanaungua bila kuuma mpaka usiku. Ninyi mnatoka ufukweni mwa Tanganyika, mita mia saba na kitu. Mkipelekwa mita 3,000 kwa siku moja kichwa kitagonga. Siku ya kwanza kunyweni maji, mtembee polepole, mlale.

Kama mnakwenda Lesotho Juni hii, nianze kutafuta tarehe sasa. Leo jioni, baada ya miguu kuvimba ya kutwa nzima, kila mmoja asimame pekupeku juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, mweke alama mbele ya kidole kirefu na mpime kwa sentimita. Mguu wa sentimita 27 ni kiatu namba 27, skii inatumia namba hiyo kila nchi. Nitumie vipimo vya miguu yote minne, maana wa kushoto na wa kulia mara nyingi havilingani.